Kubadili Anwani Bila Kunyamaza

Jumamosi, Ihanda, nyumbani kwa mama. Mvua imeanza saa nane mchana na haina haraka ya kwenda popote. Bati linapiga kelele, migomba ya nyuma ya nyumba imeinamisha majani, na kahawa niliyojimiminia imepoa bila kuguswa.

Nina mambo mawili ya kukiri leo. Moja ni la kazi. La pili ndilo lililonifanya nifungue ukurasa huu baada ya miezi mingi ya kutouandikia.

Kuna mtu ninamkumbuka. Si leo tu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Asimwe, na kazi yangu ni kuangalia kompyuta zinazoishi milimani. Ofisi yetu ni ndogo, iko Kayanga, tuko watu watano. Tunapeleka mtandao kwenye vituo vya afya na shule za Karagwe na Kyerwa kwa redio zinazorushiana mawimbi kutoka mnara hadi mnara. Mmoja uko Chonyonyo, mmoja uko hapa juu ya Ihanda, mingine inaendelea hivyo mpaka kwenye kilima cha kule Murongo, mahali ambapo ukisimama unaiona Uganda ng'ambo ya mto. Kila mnara una kompyuta moja ndani ya sanduku la chuma, na betri, na paneli za sola. Jumla ni kumi na moja.

Mashine ya mlimani ikifa, inakufa peke yake. Hilo ndilo lililonitesa miaka yote.

Ndani ya kila kompyuta kuna kiini, ile programu ya chini kabisa inayoshikilia nyingine zote. Kiini kikianguka, huwa kinasema maneno machache kwanza: kilikuwa kinafanya nini, kimekwama kwenye hatua ipi. Shida ni kwamba maneno hayo kinayaandika kwenye skrini, na mlimani hakuna skrini. Kuyahifadhi kwenye diski nako hakufai, kwa sababu kiini kinachoanguka si cha kuaminiwa na diski ya mtu. Njia inayobaki ni kukifundisha kiyatupe maneno yale kwenye mtandao, yalivyo, yafike kwenye kompyuta nyingine iliyo hai. Kwetu sisi hiyo iko ofisini Kayanga, chini ya meza yangu.

Uwezo huo upo zamani, hatukuubuni sisi. Ila kwenye mashine zetu, anwani ya kompyuta ya kupokea ilikuwa inaandikwa mara moja tu, mashine inapowaka. Ukitaka kuibadili ni lazima uizime mashine na kuiwasha upya. Na mashine zetu ni za kizee. Ukiizima moja, huenda isiamke mpaka mtu apande mlima. Panda Chonyonyo siku ya mvua na betri begani, utanielewa.

Ndipo tukaamua kutengeneza njia ya kubadili anwani hizo mashine ikiwa kazini. Nasema tukaamua kwa sababu tulikuwa wawili, mimi na Twaha.

Twaha ni mtoto wa duka la vitambaa pale Kayanga, upande wa soko. Babu yake alitoka Tanga na mzigo wa kanga, akaja kutafuta kahawa, akaoa, akabaki. Twaha mwenyewe amezaliwa hapa hapa, na kwa matusi ya Runyambo ananishinda mimi, lakini mama yangu mpaka leo anamwita "yule wa Tanga". Tulikaa meza moja miaka minne. Alikuwa na tabia ya kusoma msimbo wangu kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua, na akifika mahali asipopaelewa ananyamaza. Nilijifunza kujua makosa yangu kwa kusikiliza anaponyamaza.

Tulibishana karibu kila kitu. Yeye alitaka faili moja, uandike humo mstari mrefu wenye kila kitu ndani. Mimi nilitaka kila mpokeaji, yaani kila kompyuta ya kupokea, awe na folda yake, na ndani ya folda faili ndogo ndogo, kila moja na jambo lake moja: hii anwani, hii namba ya poti, hii kadi ya mtandao itakayotumika. Ukitaka mpokeaji mpya unatengeneza folda. Humtaki tena, unaifuta. Tulivutana wiki nzima. Ijumaa alirudi kutoka msikitini, akaketi, akasema, "Folda. Umeshinda. Mstari mrefu utamchanganya anayeusoma saa ya shida." Ndivyo alivyokuwa. Akishindwa anasema, na anakwambia kwa nini.

Hata jina la faili ya kuwasha na kuzima tuligombania. Mimi niliiita washa. Akakataa kabisa.

"Ukiisoma ukakuta namba moja, maana yake nini? Washa, moja? Nani anaamrishwa hapo? Faili haiamrishi mtu, faili inaeleza hali. Iite imewashwa."

Kiswahili chake ni cha kwao nyumbani. Changu ni cha shule, na nikikasirika l na r zinabadilishana viti. Siku ile nilikasirika, zikabadilishana, akacheka mpaka akafuta machozi. Nami nilikaa nikitamani nikosee tena.

Sikumwambia kamwe. Mimi ni wa kigangoni, yeye ni wa msikiti wa sokoni. Hakuna aliyetukataza.

Hatukuuliza.

Akapata kazi Maskati, kupitia ndugu wa babake. Nilimsindikiza stendi asubuhi moja ya kiangazi, vumbi la Kayanga limejaa kwenye viatu. Tungeweza kuzungumza mambo mengi. Tulizungumza juu ya sheria moja.

Sheria ilikuwa yangu. Niliandika hivi: mpokeaji akiwa amewashwa, huwezi kumbadilishia anwani. Umzime kwanza, ubadilishe, umwashe tena. Sikuwa mkaidi bure. Ujumbe unaweza kuwa unatoka sekunde ile ile unayobadilisha, ukabeba nusu ya anwani ya zamani na nusu ya mpya, ukapotelea mahali pasipojulikana. Twaha alilijua hilo vizuri. Lakini begi lake likiwa limeshawekwa kwenye buti ya basi, akanigeukia.

"Asimwe, kati ya kuzima na kuwasha mashine ni bubu. Ikifa hapo katikati je?"

"Ni sekunde tano, Twaha."

"Tano za mashine. Mtu anayeandika ana zake."

Kondakta akaita. Twaha akapanda ngazi ya kwanza ya basi, akasimama pale akinitazama, kama mtu anayengoja aongezewe kitu. Nikamwongezea. Nilimwambia, "Basi nitumie maoni yako kwa barua pepe."

Hivyo ndivyo nilivyomuaga.

Alituma. Wiki mbili baadaye yalifika maoni saba, yamepangwa vizuri, na la nne lilikuwa lile lile la stendi. Nililisoma nikiwa na uchungu ambao haukuhusiana na kiini wala anwani. Nilitaka barua iseme jambo jingine. Kwa kuwa haikusema, nikaijibu kwa mstari mmoja: "Haiwezekani kubadili ikiwa imewashwa. Suala hili limefungwa."

Hakuandika tena. Wala mimi. Miezi kumi na saba.

Sasa la kazi.

Wiki hii paa la ofisi lilianza kuvuja juu ya meza yangu, kompyuta ya kupokea ikalowa. Tukaleta nyingine, yenye anwani nyingine. Kwa mara ya kwanza kazi yetu ya miaka ile ilikuwa na siku yake: mashine kumi na moja za milimani zielezwe anwani mpya, bila hata moja kuzimwa. Jumanne nikaketi, nikaanza. Naingia kwenye mashine, nazima mpokeaji, naandika anwani, nawasha. Chonyonyo, tayari. Ihanda, tayari. Nilikuwa nafurahi peke yangu kama mtu aliyefungua dirisha lililokuwa limekwama.

Nikiwa kwenye ya tisa, ile ya kilima cha Murongo, simu ikaita. Jirani yetu wa hapa nyumbani, anapumua kwa nguvu. Mama ameteleza kwenye kibanja, amekaa chini, hawezi kusimama.

Nikachukua bodaboda bila kuvaa koti. Mama alikuwa ameketi kwenye matandazo katikati ya migomba, mguu mmoja umenyooshwa, anamgombeza jirani kwa kunisumbua kazini. Kifundo kilikuwa kimeteguka, basi. Nikamkanda, nikampikia, nikalala kwake. Jumatano asubuhi nikamalizia mashine mbili zilizobaki kutoka hapa hapa, nikaandika kwenye daftari la kazi: zote kumi na moja, tayari.

Ya tisa haikuwa tayari. Nilikuwa nimemzima mpokeaji wake, na mkono ukaenda kwenye simu kabla sijamwasha.

Na hiyo ndiyo mashine tuliyokuwa tunaiwinda. Ilikuwa ikifa kila baada ya wiki mbili tatu, bila sababu, na kwa kuwa tuliifundisha kusema mwezi huu tu, tulikuwa tukisubiri iseme kwa mara ya kwanza. Ilikufa Jumatano ile ile, saa nne asubuhi, kwenye mvua.

Haikusema kitu, na hapo ndipo nilipokumbuka.

Chini ya kilima hicho kuna kituo cha afya ambacho sitakitaja. Kinatumia mtandao wetu kuita gari la wagonjwa na kuongea na daktari wa wilaya. Simu za kawaida pale zinashika na kuachia. Mara unajikuta uko kwenye mtandao wa Uganda na salio lako halina kazi. Jumatano hiyo kulikuwa na mama aliyejifungua na damu haikatiki. Muuguzi wa zamu, Sista Speciosa, alijaribu kuita, mtandao haupo. Akaandika karatasi, akampa dereva wa bodaboda anayeitwa Evarist, baba wa watoto wanne ambaye familia yake ilitoka Burundi na sasa wanalima pale pale. Evarist akapanda na pikipiki kwenye tope mpaka mahali simu inaposhika, akasoma karatasi ile kwa sauti, neno kwa neno, kwa mtu wa hospitali. Gari likaja. Mama yule yuko hai, na mtoto yuko hai.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho haraka. Nisingeweza kuiandika polepole.

Alhamisi nilikwenda mwenyewe. Kwanza nilipanda kilimani, nikaikata mashine umeme na kuurudisha, ikaamka. Kisha nikashuka kituoni. Sista Speciosa alikuwa anaosha mikono, mwanamke mfupi wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mtandao?"

"Ndiyo. Nimekuja kuomba radhi."

Akafuta mikono taratibu. "Mashine zenu zinakufa, hilo nimelizoea. Niambie tu safari hii imekufa kwa nini, nijue kama kesho itakufa tena."

Ningeweza kumwambia maneno ya kitaalamu akachoka kusikiliza. Nilimwambia ukweli.

"Sijui, Sista. Ingetuambia yenyewe. Mimi ndiye niliyeiacha imezimwa mdomo, nikakimbilia nyumbani kwa mama yangu mgonjwa, nikasahau."

Akaweka kitambaa pembeni. "Mama anaendeleaje?"

"Ni kifundo tu."

"Basi mshukuru Mungu. Na huo mdomo ufungue." Akarudi wodini.

Hakunilaumu, na nilitamani anilaumu.

Evarist nilimkuta nje, anafuta tope kwenye pikipiki yake. Nilimshukuru, akasema yeye alisoma karatasi tu. Nikamwuliza kama angekubali kukaa na ufunguo wa pili wa sanduku la mlimani, kwa kuwa anaishi chini ya kilima, nikamweleza ilipo swichi ya kukata na kurudisha umeme. Alirudia hatua zile mara tatu kabla ya kuupokea ufunguo.

Kisha nikapanda tena kilimani, peke yangu, kwa sababu sikuwa tayari kurudi Kayanga. Ukungu ulikuwa umeufunika mto. Niliketi kwenye jiwe, nikafungua kompyuta, nikaingia kwenye mashine iliyokuwa hatua tatu kutoka nilipo, na nikaitazama ile folda. Moja. Ya mpokeaji mmoja. Amezimwa.

Nilisikia sauti ya Twaha ikisoma. Ilipofika pale ikanyamaza.

Nikaelewa.

Kwa nini nimzime huyu kabla ya kumwasha mwingine? Folda zinaweza kuwa mbili. Ndiyo maana nilizitaka folda. Tengeneza ya pili, iandikie anwani mpya, iwashe. Kwa muda mfupi kiini kinaongea na wapokeaji wawili, na hakuna ubaya. Ujumbe wa kwanza ukishafika kwenye kompyuta mpya, ndipo umzime wa zamani na kufuta folda yake. Sheria yangu inabaki: aliyewashwa haguswi. Na hofu ya Twaha inakwisha: hakuna sekunde hata moja ya ububu. Hakuna mstari hata mmoja wa kubadilisha ndani ya kiini. Jibu lilikuwa ndani ya kitu tulichokwisha kutengeneza, na sisi wawili tulisimama pande mbili za basi tukigombana.

Nililia kidogo. Si kwa ajili ya folda.

Mlimani pale pale nikaandika programu fupi, nikaiita hamisha. Wewe unaipa anwani mpya tu. Yenyewe inatengeneza folda, inawasha, inangoja mpaka ijibiwe kwamba ujumbe umefika, ndipo inamwondoa wa zamani. Simu ikiita katikati, mama akiteleza, ofisi ikishika moto, hakuna kinachobaki kimezimwa. Ikikatizwa, kinachobaki ni wapokeaji wawili badala ya mmoja. Nilishangaa jinsi ilivyo fupi. Niliijaribu mara ishirini kabla sijashuka, na tope likanishusha haraka kuliko nilivyopanda.

Jana Ijumaa, saa kumi alasiri, mvua kubwa ikipiga upande wa Kyerwa, kompyuta mpya chini ya meza yangu ikaandika mistari kumi na minne. Kutoka Murongo. Kisha kimya.

Nilimpigia Evarist, nikampata mara ya pili. Kwa robo saa alikuwa kilimani, mtandao ukarudi. Mimi nilibaki na ile mistari. Niliisoma kama inavyosomwa barua ya mtu uliyekata tamaa kwamba ataandika. Ilitaja programu inayoendesha ile redio inayotazama kituo cha afya. Mvua ikizidi, redio inapoteza mawasiliano na kuyarudisha mara nyingi, na katika pilikapilika hiyo programu inaandika mahali ilipokwisha kupaachia kwenye kumbukumbu ya mashine, mahali ambapo si pake tena. Ndiyo maana ilikuwa ikifa siku za mvua tu. Miaka yote tulilaumu betri.

Marekebisho ni mistari mitatu. Leo asubuhi nimeyaweka kwenye mashine ya majaribio, nikawa naikata na kuiunganisha redio yake mpaka vidole vikauma. Bado iko hai. Jumatatu nitayapeleka Murongo.

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimefurahi, kwa kweli, na furaha yenyewe haikuwa na pa kwenda. Wenzangu ofisini walinipongeza, wakaniuliza kama paa limeshazibwa. Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye ukimwambia folda mbili, hahitaji uendelee.

Jana hiyo hiyo jioni nilitoka ofisini, nikajikuta mbele ya duka la vitambaa.

Mzee Salumu, babake Twaha, alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, anakunja vitenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetutupa." Akasogeza marobota ili nipate pa kukaa. "Hata duka hupiti."

Nilisema kazi zimezidi. Alitikisa kichwa, akaendelea kukunja. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Kijana wangu kila akipiga huniuliza, ule mnara wa Murongo bado unakufa? Namwambia mimi nauza vitenge, muulize Asimwe. Hapo anakaa kimya. Mimi ni mtu mzima, sijui kimya chenu ni cha nini."

Nikashika ncha ya pili ya kitenge, nikamsaidia kukikunja.

"Unayo namba yake?" akaniuliza.

"Ninayo."

"Basi leo tumia simu yangu. Yangu anaipokea haraka." Akabonyeza mwenyewe, akaniwekea mkononi, akarudi kwenye vitenge vyake.

"Baba, asalaam aleikum. Kheri?"

Sauti ile ile.

"Si baba. Ni Asimwe."

Akauliza kwa haraka, "Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Mashine ya Murongo imekufa. Na imesema."

"Imesema?" Nikasikia kiti kikisogezwa. "Imesema nini?"

Nikamsomea mistari yote kumi na minne, katikati ya duka la vitambaa, mteja mmoja akipima kanga mabegani. Alikuwa akiirudia kwa sauti ya chini; kwenye mstari wa tisa alinyamaza, nikajua amefika. "Inaandika mahali ilipopaachia," akasema. Nikasema ndiyo. Tukacheka wote wawili, kicheko kisicho cha kawaida, cha watu waliobeba mzigo mmoja kwa njia mbili.

Kisha nikamweleza ya Jumanne. Simu ya jirani, mpokeaji niliyemwacha amezimwa, Sista Speciosa, karatasi ya Evarist. Sikuficha. Nikamwambia alikuwa sahihi pale stendi na mimi nilimfungia mlango.

"Sikuwa sahihi," alisema. "Mimi nilitaka abadilishwe akiwa amewashwa, na hilo mpaka kesho ni kosa. Ulichofanya wewe ni kuwasha wa pili kwanza. Mimi hilo sikuliona."

"Folda zilikuwepo muda wote."

"Zilikuwepo. Sisi tulikuwa tunabishana."

Mzee Salumu alikuwa anakunja kitenge kile kile kwa mara ya tatu.

"Twaha," nikasema, "pale stendi kulikuwa na kitu kingine nilitaka kukuambia."

"Baba yuko hapo?"

"Yuko mbele yangu."

"Basi usikiseme."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nitataka kukijibu."

Nilitazama nje, mtaani. Mvua ilikuwa bado haijafika, lakini wafanyabiashara wa nje walishaanza kufunika bidhaa zao. Akaniambia ameongeza mkataba mwaka mmoja, ametia saini mwezi uliopita tu. Alisema "mwezi uliopita tu" mara mbili. Nikamwambia hongera, na sikuwa namdanganya sana. Akauliza kifundo cha mama kinaendeleaje, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimekitaja kwa sekunde moja tu katikati ya habari za mashine.

"Niandikie, Asimwe," alisema mwishoni. "Si kwa simu ya baba."

Nikamrudishia mzee simu yake. Alinipa kitenge kimoja, cha kijani, akasema nimpelekee mama atibu kifundo kwa kukaa na kitenge begani. Mzee Salumu anatania hivyo, bila kutabasamu.

Mama amekipenda. Amenikazia macho, akauliza kwa Runyambo yule wa Tanga hajambo huko aliko, na nilipojibu hajambo akasema, "Webare," yaani asante, kana kwamba ni mimi niliyemtunza.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Mashine zote kumi na moja ziko hai. Nimezitazama mara tano. Kule Maskati jua limeshakaribia kuzama. Nimefungua barua mpya, nimeandika jina lake, na kwa mara ya kwanza sina maoni ya kujibu, sina faili ya kuambatisha, sina sheria ya kutetea.

Miaka minne ya meza moja, na sijawahi kumwandikia mtu huyu mstari usiohusu kazi. Nimeandika salamu, nimefuta. Nimeandika kwamba mvua inanyesha, nimeiacha ibaki.

Nitaituma leo, hata ikibaki hivyo tu.

Lakini baada ya mstari wa mvua, mtu anaendeleaje kuandika?